Msimu wa Madamu Hoarau

Wageni wakifika kisiwani kwetu, hapa Rivière Noire, kabla hata hawajatua mabegi, swali lao ni lile lile: msimu mzuri wa kuvua ni upi? Mume wangu Clency ni nahodha, na swali hilo amelijibu mara nyingi mpaka siku hizi analijibu huku anafanya kazi nyingine. Nguru ni Septemba mpaka Desemba. Nduaro, yule mkubwa wa buluu mwenye mdomo wa mkuki, huanza Novemba, hukolea Januari na Februari, Machi huaga. Jodari huingia Machi, ikifika Mei umeshamchoka. Fulusi hana adabu, huja anapotaka. Juni mpaka Agosti bahari ni baridi na upepo haucheki na mtu, boti zinapandishwa nchi kavu zipakwe rangi.

Sasa niulizeni mimi. Naitwa Mirella, mke wa Clency, mshona bendera za boti. Mimi nitawaambia msimu mzuri ni Julai, mume akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, kanuna, hasemi na mtu. Hasemi na mimi, sawa, lakini hasemi na mwingine pia. Na msimu mbaya kuliko yote ni Februari, wala msinitajie nduaro. Februari anakuja Madamu Hoarau.

Huyu Madamu Hoarau ni mfamasia wa Réunion, kisiwa cha jirani, ndege haijapaa vizuri imeshatua. Ana miaka hamsini kama mimi, ila ya kwake imemkaa vizuri. Mabega ya muogeleaji, nywele fupi, marashi ya ndimu ambayo yanabaki kwenye shati la mume wangu mpaka nilifue mara mbili. Hana mume, alikuwa naye, akamrudisha kwao. Miaka saba mfululizo amekuja Februari, siku kumi na mbili, boti ile ile, nahodha yule yule. Anachotaka ni kimoja: nduaro wa zaidi ya kilo mia nne, amlete kwa mikono yake mwenyewe, aandikwe kwenye ubao wa klabu pale gatini. Kwenye ubao ule wanawake ni watatu tu, na hakuna aliyefika mia nne.

Hayo yote yasingeniuma. Kilichoniuma ni redio.

Clency nyumbani ni bubu. Nisimsingizie, hanipigi, halewi, anakula chochote nikimpikia. Lakini maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole gumba kikabaki. "Hm." "Chumvi." "Kesho upepo." Miaka ishirini na saba ya ndoa nimezoea, nikajiambia Mungu kamuumba hivyo, nani aende kulalamika. Sasa siku moja Bissoon, baharia wake, amekaa jikoni kwangu anakula wali na dengu, akaniambia huku anatafuna:

"Shemeji, huyu mumeo akiwa kwenye boti ni redio."

"Redio gani? Hapa nyumbani betri zimekwisha tangu tuoane."

"Weee! Madamu Hoarau akishakaa kwenye kile kiti cha kuvulia na samaki yuko kwenye mshipi, kapteni anaongea saa tatu bila kumeza mate. Sauti ya chini, polepole, tamu. Mimi mwenyewe nasikia usingizi."

"Anaongea nini?"

Bissoon akaangalia sahani yake. "Aa, shemeji. Mimi nashughulika na kamba."

Mwongo! Mtu mwenye masikio kama yale, aliyesikia injini ya boti ya jirani ikikohoa akiwa kanisani kwetu siku ya ubatizo, eti anashughulika na kamba. Tangu siku ile nikala sumu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mimi ambaye si nyoka, miaka yote hii nimekaa pangoni nangoja, na maneno anapelekewa mwanamke wa Réunion.

Ghislaine naye hakunisaidia. Ghislaine anauza gato pima pale gatini, zile bajia za dengu na pilipili, na kila anachokiona anakigawa bure pamoja na bajia. "Mwenzangu," aliniambia, "mumeo kumbe ana meno! Leo nimeyaona yote. Kashuka na Madamu wanacheka, nikasema huyu ni Clency au pacha wake?"

"Alikuwa anapiga chafya," nikamwambia.

"Chafya dakika tano? Mpeleke hospitali."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Nahodha wetu akirudi na samaki lazima apandishe bendera, kila samaki na yake, ili watu wa gatini wajue kabla boti haijafunga kamba. Nyekundu ya jodari, njano ya fulusi, buluu ya nduaro. Zote nashona mimi. Kwa hiyo kila Februari nakaa dirishani naangalia bendera ya buluu niliyoikata na kuipinda kwa mikono yangu ikipepea kwa furaha ya mwanamke mwingine. Niambieni kama kuna mjinga zaidi yangu kisiwani.

Mwaka wa saba Maha Shivaratri iliangukia katikati ya siku kumi na mbili za Madamu. Bissoon ni Mhindu, na kila mwaka hufunga, huvaa nguo nyeupe, hubeba begani kibanda chake cha mianzi na maua, akatembea na wenzake mpaka ziwa la Grand Bassin kuteka maji ya Mungu wake. Siku hizo hagusi samaki, hata harufu yake hataki. Mabaharia wengine wote wa maana ama wako njiani naye ama wameshachukuliwa na boti nyingine, maana Februari hakuna anayekaa bure. Clency akasimama mlangoni, anajikuna kichwa.

"Nitakuja mimi," nikasema.

"Hm?"

"Nimesema nitakuja mimi. Kuzungusha kiti najua, kushika usukani ulinifundisha mwenyewe tulipokuwa wachumba."

"Utatapika."

"Nitatapika upande upepo unakokwenda. Kuna lingine?"

Halafu akatoa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kunipa mwaka ule. "Samaki akishakamata, fimbo ni ya aliye kwenye kiti. Usiguse fimbo, usiguse kigurudumu cha mshipi, usiguse mshipi wenyewe. Kiti unakizungusha, maji unampa, basi. Ukigusa hata kwa ukucha, samaki kafa bure, haandikwi."

Hilo halikuwa geni kwangu. Zamani, mteja wake mmoja alimleta nduaro wa ajabu, watu wameshaanza kupiga makofi, Clency akasema mbele ya wote kwamba kiwiko chake mwenyewe kilipitia kwenye fimbo wakati wa wimbi. Hakuna aliyekuwa ameona. Mteja aliondoka kwa hasira hakurudi tena, mabaharia wakamwita Clency mpumbavu, na yeye usiku ule alikoroma vizuri tu.

Tukatoka alfajiri. Madamu Hoarau aliponiona na glavu za Bissoon zinazonipwaya, akaangua kicheko.

"Mirella! Hatimaye! Mume wako alinificha mwanamke huyu miaka saba."

"Sikufichwa, Madamu. Niko nyumbani siku zote. Nyumba haijahama."

"Niite Corinne."

"Ndiyo, Madamu," nikajibu.

Bahari yetu haina mchezo. Ukishapita mwamba tu, chini hakuna chini. Tukavuta chambo saa tatu nzima, mlima wa Le Morne ukitutazama kutoka nyuma, mimi nimetapika mara mbili upande niliouahidi. Clency hakusema neno. Yuko juu kwenye usukani wa nyuma, anatazama mapovu. Nikajiambia, ngoja, redio haijawashwa.

Saa nne na kitu kigurudumu kikapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, na nyuma yetu maji yakapasuka akatoka yule mnyama. Sitawaelezea ukubwa wake, mtasema naongeza. Madamu akarukia kitini, akavuta fimbo mwenyewe kutoka kwenye tundu lake, nikamfunga mkanda mgongoni, nikashika kiti. Kazi yangu ikawa hiyo: samaki akienda kulia, nizungushe kulia, akienda kushoto, kushoto. Mikono yangu iko nyuma ya mabega yake, na marashi yake ya ndimu yamejaa puani mwangu.

Saa ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Mwanamke yule anavuta, anainama, anazungusha, anavuta. Mshipi anaoupata kwa dakika kumi, samaki anauchukua kwa pumzi moja. Nikakiri moyoni kwamba ana roho ngumu. Clency kutoka juu: "Polepole, Madamu." Kimya. "Taratibu." Kimya. Basi! Hiyo ndiyo redio? Nikaanza hata kufurahi, nikasema Bissoon alinidanganya, dengu zangu zilimpanda kichwani.

Saa ya tatu Madamu alianza kutetemeka mikono. Kichwa kimeinama, midomo imepauka. Akasema bila kugeuka:

"Clency. Nipe hadithi yangu."

Clency akashughulika na usukani.

"Clency! Nakwisha. Hadithi yangu."

"Leo hapana, Madamu."

"Kwa nini leo hapana?"

Nikainua macho. Mume wangu alikuwa ananitazama mimi, na uso umemwiva, mwekundu mpaka masikioni. Mtu wa miaka hamsini na nne anaona haya kama bwana harusi.

"Leo hapana," akarudia, akageuka kutazama mbele.

Hadithi yangu. Ana hadithi yake! Ya kwao wawili, ambayo haisemeki mke akiwepo. Jamani, nimeumwa jino, nimezaa, nimemzika mama yangu, lakini uchungu ule ulikuwa na sebule yake peke yake. Nilitaka kukisukuma kile kiti na mwenyewe, na fimbo, na marashi, vyote viende kwa samaki. Sikufanya hivyo. Nilifanya kitu kidogo zaidi. Nilichukua chupa nikammiminia maji shingoni kwa mkono wa kulia, kama baharia mwema, na mkono wa kushoto nikaupitisha ubavuni mwake, nikaweka vidole viwili juu ya fimbo.

Sitasema niliteleza. Boti ilikuwa imetulia, Clency amegeukia mbele, Madamu kafumba macho maji yanamtiririka usoni. Fimbo ilikuwa inatetemeka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikaondoa mkono. Nikajisikia nimeshiba. Sasa mlete huyo samaki wako, nikasema moyoni. Mlete wa kilo mia saba. Gatini mbele ya watu wote nitafungua mdomo wangu.

Na akamleta! Sijui alitoa wapi nguvu. Saa ya nne na robo Clency alishuka na glavu zake akashika waya wa mwisho, mimi nikapanda kushika usukani, upembo, ule mti wenye ndoano, ukaingia, tukamvuta kwa kamba na roda kupitia mlango wa nyuma, sote watatu tumelowa, Madamu analia kama mtoto. Clency akapandisha bendera ya buluu. Ile kubwa, niliyoishona kwa ajili ya siku kama hiyo, ikakaa kabatini miaka minne. Kisha akageuza boti kuelekea nyumbani, mabega yake yanacheka.

Njiani Madamu alikuja kukaa karibu nami chini, na bia mbili. Mikono yake ilikuwa imevimba, hakuweza kufungua kizibo, nikamfungulia. Nikaona niulize sasa hivi, chuma kikiwa bado cha moto.

"Hadithi gani ile, Madamu?"

Akanishangaa. "Hujui? Kweli hujui?"

"Ningejua ningeuliza?"

"Mirella, ni hadithi yako wewe." Akacheka, kisha akaona sicheki. "Ile ya kuzaliwa kwa binti yenu Doriane. Kimbunga, onyo la nne, lile la juu kabisa, maji yamefunika daraja, mkunga hawezi kuvuka. Wewe uko kwenye kile kitanda cha chuma na shangazi, tantine Zélie, na mshumaa mmoja. Umeshika chuma cha kitanda saa kumi na tisa. Na yeye kasimama mlangoni kavaa glavu za kuvulia, hajui kwa nini amezivaa, hajui azivue. Anasema alitaka kukushikia akashindwa, kwa sababu hakuna pa kushika. Ile kazi ni ya mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilitaka kumwachia samaki, nikamwambia Clency chukua fimbo, sitaki tena. Ndipo akanisimulia. Tangu hapo kila mwaka nikichoka namwomba. Anaisimulia yote, polepole, mpaka jinsi nywele zako zilivyokuwa zimeshikamana na paji la uso. Na mwisho husema neno lile lile: Mirella hakuachia."

Nikaiweka bia chini.

Mtadhani nilifurahi. Ningekuwa mwanamke mwema ningefurahi. Mimi wivu ulinipanda upya, na safari hii sikujua pa kuutua. Miaka ishirini na mbili tangu siku ile, mume wangu hakuwahi kuniambia hata "pole". Siku ile yenyewe aliingia, akamtazama mtoto, akasema "Hm", akaenda kuangalia boti kama bado ipo. Kumbe maneno yapo! Yapo, matamu, yamejaa, na anayasema juu ya msichana wa miaka ishirini na nane mwenye nywele zilizoshikamana, anayezaa kila Februari kwenye boti yake. Huyo ndiye Mirella anayempenda. Mimi wa cherehani na dengu ni nani? Nimemwonea wivu mfamasia wa watu miaka saba bure, wakati mke mwenzangu nilikuwa naye ndani ya ngozi yangu.

Na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vinaniwasha.

Gatini palijaa. Waliiona bendera tangu mbali, kwa ukubwa ule hata kipofu angeiona. Ghislaine ameacha bajia zinaungua. Samaki akatundikwa kwenye mzani, na mzee Armand, msimamizi wa mzani wa klabu, akavaa miwani akasoma: kilo mia nne thelathini na moja. Kelele zikapanda. Madamu akamkumbatia Clency, akanikumbatia mimi, akamkumbatia Ghislaine na unga wake wote.

Halafu Armand akavua kofia. Ndiyo desturi yetu: kabla ya kuandika, msimamizi huvua kofia na kuuliza mbele ya watu, kwanza aliyevua, kisha baharia, na baharia asipojibu hakiandikwi kitu.

"Madamu Hoarau. Kuna mkono mwingine uliogusa?"

"Hakuna," Madamu akasema, na alikuwa anasema kweli yote aliyoijua.

"Baharia?"

Watu wakacheka kutafuta baharia ni nani. Clency akanisukuma mbele kidogo, mkono wake mgongoni kwangu. "Muulizeni huyu," akasema kwa sauti, mbele ya gati zima. "Baharia wa kweli huyu. Saa nne hajakaa chini."

Maneno kumi hivi! Juu yangu, mimi wa leo, ninayenuka matapishi! Nilikuwa nayataka maneno hayo kuliko kitu chochote duniani, na yamekuja dakika ile. Kilichobaki ni kusema "hakuna", twende zetu nyumbani. Nani angejua? Madamu angeandikwa, Clency angenitazama hivyo hivyo mpaka nyumbani. Lakini yule mwingine, yule wa kitanda cha chuma, hakuguswa na mtu na hakumwibia mtu. Ningenyamaza ningempa ushindi milele, na mimi ningekula maneno ya mume wangu kama mwizi anayekula jikoni mwa watu.

"Niligusa," nikasema.

Armand akavua na miwani. "Kwa bahati mbaya, mama. Boti iliyumba."

"Haikuyumba. Vidole viwili, saa ya tatu. Kwa makusudi."

"Kwa nini?" Ghislaine akapiga yowe, kwa niaba ya kijiji.

"Wivu," nikasema. "Sasa umepata ya kuuzia bajia mwezi mzima."

Hapo Clency akalipuka. Mama yangu! Miaka ishirini na saba ya maneno aliyoyaweka akiba yakamwagika yote gatini kwa mara moja. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na yeye hakuchagua. Alianza na wivu wangu, akapanda kwa mama yangu na ukoo wake wa Souillac, akarudi kwa achari yangu ya embe ambayo kumbe hakuipenda hata siku moja, akaja kwa samaki aliyekufa bure, kiumbe mzima wa Mungu, kwa ajili ya vidole viwili vya mpumbavu. Na mimi nilisimama pale machozi yananitoka, huku namsikiliza, na Mungu anisamehe, sehemu ya moyo wangu ilikuwa inasema: endelea.

Madamu Hoarau hakupiga kelele. Alimtazama samaki wake muda mrefu, akagusa mdomo ule wa mkuki, kisha akaja mbele yangu. Nilijua atanipiga kofi, nikaliweka shavu tayari.

"Miaka saba," akasema. "Umenirudisha mwanzo kabisa, Mirella. Sawa. Nitarudi Februari. Na wewe utakuwa baharia wangu. Utasimama nyuma ya kile kiti saa zote hizo, uone ulichonifanyia."

Kwa hiyo oneni akili yangu. Nilitaka aondoke, na kama angeandikwa ubaoni siku ile, asingekuwa na haja ya kurudi tena. Nikamfungia mlango asitoke.

Nyumbani Clency alirudi kwenye ububu wake, na safari hii hata "chumvi" ilifutwa. Machi jodari wakaingia. Mei wakatuchosha. Julai akapanda ngazi na brashi yake, nami nikampelekea chai chini ya boti, akaipokea bila kunitazama. Msimu wangu mzuri, ule niliokuwa nauita mzuri. Nilikaa chini ya ngazi nikitazama rangi ikidondoka, sikumwonea wivu mtu, na sikuwa na raha hata kidogo.

Februari Madamu akaja. Bissoon akaulizwa, akasema mwaka huu Shivaratri ni Machi, lakini kama ni baharia wa mwaka jana ndiye anayetakiwa, yeye mgongo unamuuma. Akanikonyeza. Nikavaa glavu zangu, safari hii za saizi yangu.

Siku ya tano nduaro akakamata. Hakuwa wa mia nne, Clency alimwona akiruka akatingisha kichwa, lakini alikuwa mbishi, na kufikia saa ya tatu mikono ya Madamu ikaanza kutetemeka kama mwaka jana. Mikono yangu ilikuwa kwenye kiti. Niliifunga kwa kitambaa, pande zote mbili, asije mtu akaniuliza tena.

"Clency," Madamu akasema. "Hadithi."

Clency akageuza usukani kidogo.

"Msimulie yeye," Madamu akaongeza. "Mimi nitasikiliza tu."

Nikasubiri ile "leo hapana" yake. Mume wangu akakohoa. Akatazama mshipi, akatazama mapovu, kila mahali isipokuwa kwangu. Kisha akaanza, sauti ya chini, polepole, na ilikuwa kweli kama alivyosema Bissoon, ilikuwa tamu.

"Ilikuwa onyo la nne. Daraja limefunikwa tangu asubuhi. Tantine Zélie kaja kapita mashambani, kajifunika gunia..." Akaendelea. Mshumaa. Glavu. Bati la jirani lililoruka likapiga mlango. Nywele. Nilikuwa nimeyasahau mengine, mengine sikuyajua kabisa. Sikujua alilia nje ya dirisha kwenye mvua ili asionekane. Nilizungusha kiti kulia, nikazungusha kushoto, na mwanamke yule wa kwenye kitanda akaendelea kuwa mzuri, hodari, asiye na doa, mpaka nikahisi nitamchukia tena.

"Saa kumi na tisa," Clency akasema. "Ameshika chuma. Na Mirella hakuachia."

"Niliachia," nikasema.

Akageuka.

"Niliachia mara mbili. Wewe ulikuwa umekwenda kuangalia boti. Niliachia chuma nikamwambia Zélie sitaki tena, anitoe, afe mtoto, nife mimi, chochote. Nililaani jina lako. Zélie akanipiga kofi akanirudishia mikono."

Clency alinitazama, mimi, na glavu zangu na tambara langu, kwa muda ambao nahodha haruhusiwi kuacha kutazama mshipi.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Samaki akakimbia. Kigurudumu kikapiga yowe, Madamu akapiga yowe, akasema jamani mshipi unakwisha, kuna nahodha kwenye boti hii au hakuna? Clency hakumsikia. Alikuwa ameinama juu ya reli ya ngazi, kichwa kaniinamishia.

"Hiyo ni mara ya kwanza," akasema. "Na ya pili?"